Barua kwa Mjukuu Anayekwenda Kihangaiko

Peramiho, Songea

Mjukuu wangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu kunieleza kwamba umechaguliwa jeshini na wiki ijayo unakwenda Kihangaiko kuanza mafunzo. Nimefurahi sana. Akaniambia pia kwamba ulipoulizwa kwa nini unataka uaskari, ulijibu unataka kuwa kama babu. Hapo nikaona simu haitoshi, nikuandikie. Babu yako alifariki ungali mdogo, na unachokijua zaidi ni ile picha ya ukutani aliyopigwa akiwa amevaa kombati na medali. Mimi ni dada yake, nimemjua tangu anachunga mbuzi.

Hakupenda kusimulia vita. Yaliyomtoka yalimtoka kidogokidogo, mara nyingi tukiwa tunapukuchua mahindi, mikono ina kazi na macho yapo chini.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba, kaka yangu alikuwa hapa kwa likizo, na baba yako ni mchanga hata arobaini hajatoka. Usiku uleule alikwenda kumgongea padri, akamwomba ambatize mtoto asubuhi. Ilikuwa Misa ya alfajiri, watu wachache, bibi yako akiwa na khanga ya kawaida tu. Baada ya ubatizo alimbeba mwanawe mpaka barabarani, akamkabidhi kwa mama yake, akapanda lori. Sikumwona tena hadi vita vilipokwisha.

Yeye na wenzake walivuka mpaka pale Mutukula Januari 1979, wakaiteka Masaka tarehe 24 Februari. Siku nne baadaye ikawa Jumatano ya Majivu, kwa hiyo safari yote ya kutoka Masaka mpaka Kampala aliifanya katika Kwaresima, kwa miguu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, Jumatano ya Juma Kuu. Jumapili ya Pasaka aliomba ruhusa akasali Rubaga, lakini alisimama nje ya mlango mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakutaka kuingia kanisani na bunduki.

Usidhani alisali ili risasi imkose. Alikuwa na rafiki, kijana wa Kiislamu kutoka Tanga, ambaye kwa maneno ya kaka hapakuwa na mtu kikosini mwenye swala kama yake. Waliamshana alfajiri, huyu na rozari, yule na udhu wa maji ya chupa. Tarehe 10 Machi, pale Lukaya, ambapo barabara ya Kampala inapita katikati ya kinamasi, walipigwa kwa makombora ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Askari wetu wakatawanyika kwenye matope na mafunjo. Kesho yake walijipanga upya, wakashinda, lakini yule kijana hakuwepo tena. Tangu hapo, kila tarehe 10 Machi, babu yako alikuwa akipeleka mchele na sukari kwa mwalimu wa madrasa hapa Songea ili rafiki yake asomewe dua, kisha anakwenda kanisani kuomba Misa. Hakuona tabu yoyote katika hilo, nami sikuiona.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Masaka ilipigwa mizinga na kulipuliwa hata majengo mengi yakabaki vifusi. Watu walikuwa na hasira ya yaliyotendwa Kagera, na kaka naye alikuwa nayo, kwa kuwa alipita Kyaka akaona kwa macho yake. Lakini aliporudi nyumbani, alirudi na begi lenye nguo zake tu. Wapo waliorudi na redio, saa, vitenge. Bibi yako hakupenda kwamba yeye alirudi mikono mitupu, na kwa siku kadhaa nyumba haikuwa na raha. Kaka akamwambia kwamba kila alipoingia kwenye nyumba ya mtu kule alimkumbuka yeye na mtoto, akashindwa kunyoosha mkono. Medali alipewa kwa mengine. Mimi nikimtaja mbele za Mungu, ninamtaja kwa begi lile.

Ukishika bunduki, watu wengi watakuogopa na hakuna atakayekuzuia. Itabidi ujizuie mwenyewe, na hilo hufundishwi kwenye gwaride. Kaka alilipata kwenye sala na kwa kuwakumbuka watu wa nyumbani kwake kila siku. Miaka ile ya kufunga mkanda baada ya vita, sabuni na sukari zilipoadimika, alikuwa akishuka Makambako kwenye treni ya TAZARA, anapanda gari la Songea, anafika akiwa na madaftari ya watoto. Foleni ya duka la ushirika aliipanga akiwa na nguo za kiraia, ili asipewe nafasi ya mbele kwa ajili ya magwanda. Na kila barua yake ilikuwa na maneno ya kila mtoto kwa jina lake, hata yule asiyejua kusoma.

Tena usiku alikuwa akishtuka, anatoka nje, anaizunguka nyumba. Bibi yako alikuwa akiwasha koroboi, wanakaa barazani na kusali mpaka atulie. Baadhi ya wenzake waliyazamisha mazito yao katika ulanzi, wakapotea na familia zikapotea. Yeye alimwambia mkewe. Nawe ukiona mazito, usijifanye chuma. Mwambie mama yako, mwambie padri wa kikosi, niambie mimi.

Mshahara wa kwanza mpelekee mama yako sehemu yake, hata kama ni kidogo. Na ukipata likizo yenye nafasi, fika Kaboya, kule Muleba, walikolazwa mashujaa wa vita ile. Kaka alitamani kwenda, ila miaka ya mwisho miguu ilimkatalia. Jina la rafiki yake nitamtumia mama yako akuandikie. Ulitafute, umwombee.

Bibi yako akupendaye, dada wa babu yako