Huyo Bwana Hajui Chepe

Barabara ya Bigwa kwenda Kisaki hupita Kiroka ikaelekea Mkuyuni, na milima ya Uluguru iko kulia kwako muda wote. Siku tuliyopita sisi haikuonekana, kulikuwa na ukungu tu. Tukaiacha barabara hiyo tukaanza kupanda kwenda Kinole kwa bodaboda. Kijana aliyenibeba, kila tukifika penye utelezi, aliniambia nishuke, akapita peke yake, kisha akanisubiri juu akinitazama ninavyohangaika na viatu vyangu vya mjini. Njia nzima ni migomba, michungwa, mifenesi na minazi, na kadiri unavyopanda ndivyo mikarafuu na midalasini inavyoongezeka. Wengi tuliopishana nao walikuwa wanashuka: akina mama na mikungu ya ndizi kichwani, pikipiki zilizofungwa mikungu hadi dereva haonekani. Mzigo huo mwingi wake ni wa kwenda sokoni Morogoro na Dar es Salaam.

Kinole ndiyo makao ya Kingalu, chifu wa Waluguru ambaye zamani watu walipanda mlima kumwendea wakiomba mvua. Mjini Morogoro jina lake lipo kwenye Soko Kuu, na vijana wengi wa mjini wanalijua kama jina la soko basi. Mimi sikuwa nimewahi kufika Kinole. Rafiki yangu aliitwa na mama yake mkubwa aje aonyeshwe kipande cha shamba la ukoo, maana Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo hiyo. Nikaomba kumsindikiza. Begini nilikuwa na kompyuta, na ndani yake filamu ya Kijapani niliyotakiwa kuiandikia makala na ambayo kila nikiianza usingizi unanichukua. Nikajiambia huko mlimani, bila foleni wala kelele, nitaimaliza.

Filamu yenyewe ni Suna no Onna, yaani Mwanamke wa Mchangani, ya mwaka 1964. Aliyeiongoza ni Hiroshi Teshigahara, na hadithi ni ya Kobo Abe, ambaye riwaya yake ilitoka 1962 kisha mwenyewe akaigeuza kuwa mswada wa filamu. Ilipata tuzo maalumu ya majaji Cannes mwaka huo huo, na Teshigahara akateuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora. Hayo nilikuwa nayo kwenye daftari. Sikuwa na lingine la kusema.

Kisa chake hakina mizunguko. Mwalimu wa Tokyo amechukua likizo fupi, anazunguka kwenye vilima vya mchanga karibu na bahari akitafuta wadudu. Anatamani amgundue mbawakawa ambaye hajaandikwa bado, ili jina lake liingie kwenye vitabu. Basi la mwisho linampita. Wanakijiji wanampa pa kulala kwa mjane mmoja ambaye nyumba yake iko chini kabisa ya shimo la mchanga, wanamshusha kwa ngazi ya kamba, na asubuhi ngazi haipo. Kumbe wamemleta awe mikono ya ziada. Kila usiku mchanga unaomiminika lazima uchotwe na kuvutwa juu, la sivyo utaifukia nyumba, na ikifukiwa hiyo inafuata ya jirani. Ukigoma kuchota, maji hayashushwi. Toleo kamili lina dakika 147, na sehemu kubwa ya dakika hizo ni watu wawili, chepe na mchanga.

Tulipofika, Mama Mkubwa hakuwepo uani. Tukapiga hodi, sauti ikajibu kutoka nyuma ya nyumba, tukazunguka. Nyumba za huku, penye mteremko mkali, hujengwa kwa kuukata mlima, kwa hiyo ukuta wa nyuma unatazamana na ukuta wa udongo, katikati umebaki upenyo wa kupita mtu na mtaro wa maji. Mvua ya usiku ilikuwa imeangusha udongo mtaroni. Mama Mkubwa alikuwa amefunga kanga kiunoni, anachota udongo kwa chepe, anatia kwenye karai, anakwenda kuumwaga chini kwenye migomba. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kusimama. Rafiki yangu akataka kumpokea chepe, akamkatalia: "Umechoka na safari, mwanangu. Na huu hauishi leo." Akatuelekeza tukaanue karafuu zilizokuwa zimeanikwa kwenye mkeka mbele ya nyumba, maana wingu lilikuwa linashuka tena.

Shamba hatukuliona siku hiyo. Mvua ilinyesha kama ilivyo kawaida ya upande huu wa mashariki, unaopokea pepo za bahari kabla ya pande nyingine za milima. Kwenye misitu ya juu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Umeme ukakatika. Baba Mkubwa akarudi ameloa, tukala ndizi na maharage, na yule kijana wa bodaboda, ambaye kumbe ni wa nyumba ya jirani, akaja kuzungumza. Ndiye aliyeiona kompyuta. Akauliza kuna muvi gani. Nikasema ipo moja, lakini ya Kijapani, haina rangi, haina ngumi, na ndani yake kuna mahali ambapo mwanamke amelala bila nguo. Mama Mkubwa akawaagiza watoto wakalale kwa jirani, akavuta kigoda.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo ilinibidi niwe mtafsiri. Watu wa rika langu tulikulia kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video, tukiwasikiliza akina Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyejipatia jina Dar es Salaam kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Kazi ya msimuliaji wa aina hiyo ni kutoacha pengo. Mtu akitembea tu barabarani, msimuliaji anakwambia anakokwenda, anachowaza na deni analodaiwa. Nikaanza vizuri. Mwalimu akakosa basi, nikasema; akashushwa shimoni, nikasema. Kisha wakaanza kuchota mchanga, maneno yakaisha.

"Mbona umenyamaza?" kijana akauliza. "Wanasemaje?"

"Hawasemi kitu."

"Basi sema wewe."

Mama Mkubwa akamkatiza: "Mwache. Wanachota mchanga. Wewe hujawahi kuona mtu anachota?"

Tukatazama. Mpiga picha, Hiroshi Segawa, anaisogeza kamera hadi unaona punje moja moja, kisha ngozi ya shingo ya mwanamke ikiwa na punje zilezile zimeganda na jasho. Mchanga unateremka ukutani polepole kama uji, na muziki wa Toru Takemitsu unakwaruza nyuma yake hadi meno yanakereka. Nikiwa Dar es Salaam, hapa ndipo nilipokuwa nasinzia, kwa sababu muda wote nilikuwa nauliza mchanga huu una maana gani. Wahakiki wamenifundisha kuuliza hivyo. Wengi wao humtaja Sisyphus, yule wa hadithi za Kigiriki aliyehukumiwa kulisukuma jiwe mlimani milele, wakaeleza kwamba mchanga ni maisha, au ni wakati, au ni upuuzi wa kuwepo kwetu duniani. Sikatai. Lakini ukishauambia mchanga kuwa ni wakati, huna tena sababu ya kuutazama.

"Huyo bwana hajui chepe," Mama Mkubwa akasema.

Akatueleza. Mwalimu ananyanyua kwa mikono mitupu, mgongo umekakamaa, chepe limejaa kupita kiasi. Kiuno kitamuuma kabla hakujapambazuka. Mwanamke anachukua kidogo na anaegemeza mpini pajani, ndiyo maana anaweza kukesha. Kuanzia hapo sote tukawa tunatazama mikono. Mwalimu akamfunga mwanamke kamba, akagoma, akanyimwa maji, akajitengenezea kamba yenye ndoana akatoroka, akakimbia usiku hadi akazama kwenye mchanga unaomeza watu, akaokolewa na walewale anaowakimbia na kurudishwa shimoni. Muda kidogo baadaye akaonekana tena kazini. Mama Mkubwa akasema, "Sasa amejua." Hakukuwa na neno lolote kwenye maandishi ya chini. Baada ya safari niliirudia sehemu hiyo nikiwa peke yangu, na ninaamini alichokiona kipo: mwili wa mwalimu umekwishakubali shimo, na kinywa chake bado kinapanga kutoroka. Kurasa zote nilizokuwa nimesoma kuhusu filamu hii hazikunionyesha jambo hilo.

Baba Mkubwa alikuwa na yake. Alizaliwa upande wa Matombo, akaja Kinole kijana kuoa, akajenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. "Nyumba ya mwanamke, shamba la mwanamke, jasho la mwanamume," akasema. "Mbona huyo analia?" Rafiki yangu akacheka hadi akakohoa. Baba Mkubwa akaongeza kwamba tofauti ni moja tu, yeye hakuondolewa ngazi. Mkewe akamjibu kwamba njia ya Matombo aliijua siku zote na hakuna aliyemshika.

Kilichomkera zaidi Baba Mkubwa ni wale watu wa juu, wanaoshusha maji kwa kamba na kupima nani kachota kiasi gani. Mwanamke anaeleza kwamba mchanga wenyewe huuzwa kwa magendo kwa wajenzi, ingawa una chumvi na haufai kwa zege. Mwalimu anashtuka kwamba majengo yatabomoka, na mwanamke anamuuliza kwa nini awajali watu wa mbali. Baba Mkubwa akaniambia nisimamishe. Akatukumbusha matuta. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuichonga miteremko hii iwe matuta ya ngazi, ati kuzuia mmomonyoko, na kila mwenye nguvu akatakiwa kutoa siku zake. Wazee wake walisimulia kwamba udongo mzuri wa juu ulifukiwa na wa chini ukatoka nje, mahindi yakadumaa. Mwaka 1955 watu wakakataa, ghasia zikazuka huko Matombo, na mpango ukafa. "Kuchimba si taabu," akasema. "Taabu ni kuchimba huku mwingine ameshika kamba." Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa sentensi ya makala, na niliiandika daftarini palepale kwa mwanga wa skrini.

Ipo sehemu ngumu kuitazama mbele ya wakubwa. Mwalimu anaomba apandishwe kila siku kidogo tu akaione bahari. Wanakijiji, usiku, wamevaa vinyago, ngoma zinapigwa, wanasema sawa, ila kwanza wawili hao wafanye tendo la ndoa pale chini, wao wakitazama. Mwalimu anamvamia mwanamke, na mwanamke anapigana naye. Sikutafsiri. Haikuhitajika. Nilidhani Mama Mkubwa ataondoka. Alibaki kwenye kigoda chake, akasema wale wa juu hawana adabu, na akanyamaza hadi ngoma zilipokwisha.

Kisha maji. Mwalimu amefukia pipa mchangani kama mtego wa kunguru, akitaka kumfunga barua mguuni, na mtego huo ameupa jina la Matumaini. Kunguru haji. Siku moja anafunua na kukuta maji safi yamejaa humo. "Rudisha nyuma," Baba Mkubwa akasema. Tukarudisha. Nikamweleza mwalimu anavyofikiri: jua linakausha mchanga wa juu, unyevu wa chini unavutwa kupanda, pipa linaunasa. Jambo hilo halikumshangaza sana, maana kiangazi, mito midogo ikikauka, watu hufukua mchanga wake na kupata maji. Kinole ni mahali pa maji. Mito ya milima hii huungana kuwa Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, pamoja na mimi. Alichokitaka ni kuuona uso wa mwalimu mara ya pili. "Kamba imekatika hapo," akasema. Aliyekuwa anashikwa kwa maji sasa ana maji yake. Kwa hiyo mwishoni ngazi inapoachwa imening'inia, naye anapanda, anaitazama bahari kisha anarudi chini kwenye pipa lake, Baba Mkubwa hakuona fumbo lolote. Mtu huyo ataondoka siku atakayopenda. Kwanza amwonyeshe mtu alichokipata, na ni nani atakayekithamini kama si watu wa pale pale?

Mama Mkubwa hakukubali. Ngazi iliachwa kwa sababu mwanamke alipandishwa juu kwa haraka, mimba imetunga nje ya kizazi, anapiga kelele kwa maumivu. Kamera haimfuati. Inabaki na mwalimu, inakwenda naye baharini, inarudi naye kwenye pipa, kisha inatuonyesha hati ya mahakama inayosema mtu fulani ametoweka miaka saba, na hapo ndipo tunalijua jina lake, Niki Junpei. "Na mwanamke?" akauliza. Nikamwambia filamu haisemi kama alipona. "Jina lake?" Halipo pia. "Filamu ni ya mwanamke, nyumba ni ya mwanamke, kazi alikuwa anaijua yeye, halafu jina analo mgeni." Nilijaribu kuwatetea Abe na Teshigahara, kwamba ubaridi huo wameukusudia, tuuone ubinafsi wa mwalimu. Utetezi huo hata mimi haukuniingia sana, na haujaniingia hadi leo. Filamu hii ni kubwa, lakini kwa mwanamke huyo imefanya kama wale wa juu: imemtumia usiku kucha, na kulipokucha ikamsahau.

Chaji ilikuwa imebaki asilimia chache. Kijana wa bodaboda, ambaye nilidhani amelala, akauliza kama kuna sehemu ya pili. Nikamwambia hakuna, ila ipo nyingine ya Abe na Teshigahara walewale, ya 1966, ya mtu aliyeungua uso akatengenezewa sura ya bandia, akaivaa kwenda kumtongoza mke wake mwenyewe. Akasema hiyo ndiyo ningeanza nayo. Mama Mkubwa akasema na yeye ataitazama, ila safari hiyo nije na msimuliaji anayeijua kazi yake.