Breki za Diski katika Mteremko wa Kalinzi

Madereva walioteremsha kahawa ya Kalinzi hadi Kigoma, kabla ya barabara ya Manyovu kuwekewa lami, hukumbuka zaidi breki kuliko injini, kwa kuwa Land Rover 109 za wakati ule zilikuwa na breki za dramu mbele na nyuma, yaani kasha la chuma linalozunguka na gurudumu, ambalo ndani yake breki shuu mbili husukumwa nje mpaka zishike ukuta wake. Dramu ikipata moto mteremkoni hutanuka na kuziacha shuu, pedali ikazama, dereva akalazimika kupampu. Na masika, gari lililovuka kijito lilitoka na maji ndani ya dramu, likavuta upande uliotangulia kukauka. Ubaya mwingine ulijificha katika ubunifu wenyewe: shuu zote mbili za mbele zilipangwa zikokotwe na mzunguko wa kwenda mbele ili zijikaze zaidi, kwa hiyo gari lililokwama kilimani na shehena ya dagaa wa Kibirizi, likianza kurudi nyuma, lilipoteza sehemu kubwa ya nguvu ya breki.

Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ilikuja na diski mbele, yaani sahani iliyo wazi kwa upepo, inayobanwa na pedi mbili ndani ya kalipa. Baada ya kuja kwa wakimbizi wa Burundi mwaka 1993 na wa Kongo mwaka 1996, Land Cruiser za mashirika ya misaada, nazo zenye diski mbele, ziliongezeka mkoani Kigoma, na mafundi wakazoea breki hizo.

Kuzihamishia kwenye gari la zamani ni kazi inayostahili heshima zaidi kuliko inavyopewa. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 40, habu, diski na kalipa za FJ60 huweza kufungwa kwenye ekseli ileile, lakini anayeishia hapo ameacha kazi nusu. Diski haijikazi kama dramu, hivyo mguu huhitaji msaada wa busta. Kalipa hudai mafuta mengi zaidi, hivyo masta silinda hubadilishwa. Na vali inayobakiza shinikizo kwa ajili ya dramu isipoondolewa kwenye bomba la mbele, pedi hung'ang'ania na kuungua. Dramu za nyuma zinaweza kubaki, maana gari linapofunga breki uzito huhamia mbele, ila shinikizo lake lipunguzwe kwa vali ili magurudumu ya nyuma yasitangulie kujifunga kwenye tope jekundu.