Walipopima Chemchemi Kiangazi

Mwaka 1971 Serikali iliahidi kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mtu wa kijijini atapata maji safi mwendo usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Sisi wa milima ya Umatengo hatukuwa na shida ya kuyaona maji. Karibu kila bonde lilikuwa na kijito, na kila kijito kilikuwa na njia iliyochimbika kwa miguu ya mama zetu. Wenzetu wa ufukweni, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, walikuwa na Ziwa Nyasa zima mbele ya macho. Lakini maji waliyokunywa ndiyo hayohayo waliyoogea, waliyofulia na kuoshea usipa, na kipindupindu kilipoingia nchini miaka ya 1970, kuchota ziwani kukawa ni kubahatisha.

Kabla ya mabomba yalikuja madaftari. Denmark iligharamia mpango mkuu wa maji wa mikoa mitatu, Iringa, Ruvuma na Mbeya, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huo ndio uliokuwa mtindo wa wakati ule: Wafini walishika Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga, Waswidi mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria. Fedha za mpango hazikununua hata koki moja. Zilinunua mafuta ya gari, posho za wapimaji, na muda wa watu waliokuja kuuliza nani anachota maji, wapi, na saa ngapi anarudi nyumbani.

Nawakumbuka wapimaji. Walifika kiangazi, kahawa ikiwa inaanikwa, nyasi zimekauka kwenye kingo za ngoro, yale mashimo yetu ya kilimo cha mteremkoni. Hawakupanda mlimani peke yao. Walimtafuta mzee mwenye kuijua ile ntambo, yaani ule mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito ambao ukoo wake uliulima tangu enzi za mababu, naye akawaonyesha chemchemi ipi hupungua mwezi wa Oktoba na ipi haijawahi kukatika hata mwaka wa njaa. Kisha wakatega ndoo na kushika saa. Sisi watoto tuliduwaa kuona watu wazima wenye gari wakikaa kimya kutazama ndoo ikijaa.

Nilikuja kuielewa hesabu ile ukubwani, na hadi leo naiona ndiyo moyo wa mradi wowote mdogo wa maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde. Kwa siku nzima, kama kuna tenki la kukusanya maji ya usiku, hizo ni lita 43,200. Kwa kipimo cha Sera ya Maji ya mwaka 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, zinatosha watu 1,700 hivi, ambao ni vilula saba vya watu 250 kila kimoja. Sasa pima chemchemi hiyohiyo mwezi Machi, mvua ikiwa imekolea, ndoo ikajaa kwa sekunde 10. Karatasi itakuambia maji yanatosha watu karibu 7,000. Mabomba yatalazwa kwa hesabu hiyo, vilula vitajengwa hadi kitongoji cha mwisho, na ikifika Oktoba walio mbali na tenki watafungua koki na kupata upepo.

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa njema. Mpango ulikuwa mkubwa kuliko mfuko. Mtafiti wa Kidenmaki Ole Therkildsen aliandika kitabu kizima, kilichochapwa Uppsala mwaka 1988, kuhusu mipango hii ya maji iliyogharamiwa na wafadhili, akionyesha jinsi ilivyotengenezwa mbali na watu waliotakiwa kuitunza. Vijiji vilivyobahatika kujengewa mradi wa mserereko vilichimba mitaro kwa nguvu za wananchi, wanaume kwa wanawake. Lakini maji yalikuwa ya bure, na kamati ya maji ya kijiji haikuwa na senti ya kununulia kiungio cha bomba. Likipasuka, watu walingoja gari kutoka wilayani, na gari likingoja mafuta. Mwaka 1991 ulipofika, chini ya nusu ya watu wa vijijini nchini ndio waliokuwa wamefikiwa, na baadhi ya miradi iliyojengwa ilikuwa haitoi maji tena.

Baadaye ikaja Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, na kila halmashauri ikachagua vijiji vyake kumi. Wahandisi washauri wakaajiriwa, wakaandika, wakarekebisha, wakaandika tena. Wananchi walisubiri miaka mingi kabla ya kuona jembe likigusa ardhi.

Leo mambo yamebadilika kwa namna ambayo wazazi wetu wasingeiota. Tangu mwaka wa fedha 2015/16, Sh50 katika kila lita ya petroli na dizeli zinaingia Mfuko wa Taifa wa Maji. Kijana wa bodaboda anayejaza mafuta Mbinga mjini anachangia bomba la mama yake kijijini. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 imeunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na chombo cha watumia maji kinatambulika kisheria, kinakusanya fedha na kumlipa fundi wake. Fedha ni zetu, sheria ni yetu, na wahandisi ni watoto wetu. Jambo hili linanipa fahari.

Ndiyo maana inauma kuona sehemu ya kupima na kusanifu ikifanywa kwa haraka. Milima si ile waliyoipima wakati ule. Misitu ya vyanzo imekatwa, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimesogea hadi kwenye macho ya chemchemi, na maji ya kukobolea kahawa mbichi humwagwa mtoni. Tangu mwaka 2012 mteremko mmoja una wilaya mbili: huku juu Mbinga, kule chini Nyasa. Anayemwaga uchafu ana halmashauri yake, na anayekunywa kule chini ana ya kwake. Vipimo vya zamani haviwezi kutumika tena, na wale wazee wa ntambo wengi tumekwisha kuwazika. Walioachiwa habari zao ni watu wazima wa umri wangu, na bado hatujaulizwa.

Sengu, kikao chetu cha wazee, kilikuwa kikikaa hadi jambo liishe. Usanifu wa mradi mdogo unahitaji siku za namna hiyo, na siku hizo zinahitaji posho, mafuta na fungu lenye jina lake kwenye bajeti ya wilaya, lisilomegwa mabomba yanapopanda bei. Tena linahitaji kufika kwa wakati. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na chemchemi zetu hupungua kabisa kati ya Septemba na Novemba. Fungu la upimaji likitolewa Agosti, mtaalamu atazikuta chemchemi zikiwa katika hali yake ya chini kabisa. Likichelewa hadi Januari, basi ni heri lishikwe hadi kiangazi kijacho, na kijiji kielezwe sababu mkutanoni, mbele ya watu wote, kuliko kutumwa mtu akapime mafuriko.