Sauti za Sheikh Wetu na Diski Iliyoanguka



Ndugu zetu wazazi, nanyi wanafunzi wetu wapenzi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu (S.A.W.), leo hatuandiki darsa ya fiqhi wala ya tajwidi. Tunaandika juu ya kosa letu wenyewe, kwa kuwa kosa la mwalimu likifichwa wanafunzi hulirudia.

Hapa Adumi, karibu na mpaka wa Kongo, tulikuwa na sheikh aliyetufundisha sisi, na kabla yetu akawafundisha wakubwa zetu. Aliondoka nchini mwaka 1979 pamoja na watu wengi wa West Nile waliokimbilia Zaire na Sudan. Aliporudi alikuja na qaswida alizozitunga huko ukimbizini, kwa Kilugbara na Kinubi: za kufundisha udhu, za kuwaheshimu wazazi, za kumswalia Mtume (S.A.W.). Hakuziandika. Aliziimba, watoto wakaitikia kwa dufu, basi. Juu ya hukumu ya ala za muziki masheikh wamesema mengi, na leo si siku yake.

Simu zenye memori kadi zilipoenea vijijini, wanafunzi wakaanza kumrekodi. Alipofariki mwaka 2016, sauti yake ilikuwa imetawanyika katika simu za nyumba nyingi.

Mwaka 2018 tukaona tufanye jambo la maana. Tukanunua mjini Arua diski ya nje, ile vijana wanayoiita eksteno, ya gigabaiti 500, tukawaambia wanafunzi walete kadi zao. Tukanakili kila kitu, tukapata kama saa 60 za darsa na qaswida. Kisha tukafanya jambo linalotuuma mpaka leo: tukazifuta zile kadi kabla ya kuzirudisha. Tuliwaambia ni ili wapate nafasi ya masomo mapya. Ukweli ni kwamba ndani yake tulikuta pia nyimbo za kidunia, na hatukupenda maneno ya sheikh yakae pamoja nazo. Na upo ukweli mwingine ulio mchungu zaidi: tulipenda kuwa sisi ndio wenye hazina. Mtu akitaka kumsikia sheikh, aje kwetu.

Siku moja ya mwaka 2022, tukijiandaa na maulidi, diski ilikuwa juu ya meza imeungwa na laptop, inacheza qaswida. Mtoto mmoja akapita mbio, mguu ukanasa kwenye waya. Meza yenyewe haifiki hata mita moja kwa urefu. Tulipoiunga tena ikalia tik, tik, tik, na kompyuta haikuiona.

Ndani ya diski ya namna hii mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Ikianguka huku inazunguka, kichwa kinaweza kugusa sahani na kuikwaruza, na palipokwaruzwa ndipo sauti ilipokuwa imeandikwa. Ukiusikia mlio ule, chomoa mara moja wala usiiwashe tena. Sisi tuliiwasha kutwa nzima, kila mara kwa bismillahi. Kisha tukampelekea fundi, akaifungua kwa bisibisi mezani, penye vumbi la barabara. Hatumlaumu, maana sisi ndio tuliomhimiza, na hatukujua kwamba diski kama ile hufunguliwa katika chumba maalumu kisicho na vumbi. Fundi wa pili, Kampala, aliitazama tu akatikisa kichwa.

Ndipo tukapiga hesabu ambayo tungeipiga mapema. Faili ya sauti ya kawaida ya mp3 huchukua karibu megabaiti moja kwa dakika. Saa 60 ni kama gigabaiti tatu na nusu. Yaani memori kadi moja ya gigabaiti 4, ndogo kama ukucha, ingeweza kubeba sauti yote ya sheikh. Na kadi za namna hiyo tulifuta ishirini na tatu kwa mikono yetu wenyewe.

Mjane wa sheikh, ambaye sote tunamwita Mama Hajati, alikuwa akiwatuma wajukuu kila Ramadhani waje kusikiliza darsa ya babu yao. Ramadhani ya 2023 tukawaambia diski iko kwa fundi, itapona inshallah. Wallahi inshallah ile ilikuwa ya kujifichia, maana tulikwisha jua. Wiki ya tatu akaja mwenyewe na fimbo yake, akakaa mkekani. Tukamweleza yote. Hakulia. Alisema, "Mwalimu, mwanangu, kuanguka ni qadar. Lakini mzee aliwapa watoto, wewe ukawanyang'anya. Na hilo nalo ni qadar?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tukairudia habari tuliyoifundisha miaka mingi. Katika ukhalifa wa Abubakar (R.A.), baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, Umar (R.A.) alihofia Qur'ani isipotee, akashauri ikusanywe. Kazi akapewa Zayd bin Thabit (R.A.), akaikusanya kutoka katika maandishi yaliyotawanyika na vifua vya watu. Sahifa zile zikakaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake, Mama yetu Hafsa (R.A.). Ulipofika wakati wa Uthman (R.A.), aliziazima kwa Hafsa, akaamuru ziandikwe nakala, akazipeleka katika miji, na zile sahifa akamrudishia mwenyewe.

Ndugu zetu, tuangalie vizuri. Uthman aliazima, akanakili, akagawa, akarudisha. Sisi tuliazima, tukanakili, tukafuta, tukafungia. Qur'ani ina ahadi ya Mola wake ya kuhifadhiwa, na pamoja na hayo Maswahaba hawakuiacha mahali pamoja. Qaswida za sheikh wa Adumi hazina ahadi hiyo, na sisi tukaziweka juu ya meza moja, kwenye waya mmoja.

Wala tusidhani ni mambo ya vijijini tu. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba MySpace, tovuti kubwa ya Marekani, imepoteza muziki uliowekwa humo kati ya 2003 na 2015, nyimbo zinazokadiriwa kuwa milioni 50, wakati wa kuhamisha data. Baadaye zilipatikana zaidi ya 400,000, kwa sababu tu watafiti fulani walikuwa wamejinakilia zamani. Na hapa kwetu, Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa sehemu nyingi za nchi hii kuanzia mwaka 1949. Sauti zile ziko British Library kule London, na nakala ziko Chuo Kikuu cha Makerere. Pamoja pakiharibika, pengine pamebaki.

Basi siku ya Ijumaa, baada ya swala, tukasimama tukaomba msamaha mbele ya watoto na wazazi wao, tukauliza nani ana chochote. Wengi walitikisa vichwa. Baada ya siku chache ikaja simu kutoka Koboko. Alikuwa ni mwanafunzi wetu wa zamani, tuliyemhesabu kuwa mkaidi, sasa ameolewa huko. Akasema, "Ustadhi, mwaka ule nilikwambia kadi yangu imepotea. Haikupotea. Niliogopa utaifuta."

Tulipanda boda boda siku ileile. Katika kadi yake mlikuwa na darsa nne na qaswida moja, zimechanganyika na nyimbo za harusi. Mchanganyiko ule ule tulioukataa ndio uliozihifadhi. Tulimwomba radhi kwa miaka tuliyomwita mkaidi. Akacheka, akatuletea chai.

Hapa Adumi nako tukakuta akina mama wanaokumbuka qaswida tatu kwa moyo, wanaziimba wakimenya muhogo. Tukawarekodi. Sauti ya sheikh haimo, lakini maneno yake yamo. Hizo ndizo tulizonazo: darsa nne, qaswida nne. Zilizobaki zimekwenda, na tutaulizwa.

Nasaha yetu ni fupi. Kwenye sauti za wazee wenu, picha za harusi na rekodi za watoto wakihitimu juzuu, shikeni kanuni wanayoitumia wataalamu: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Kila mwaka fungueni msikilize kama bado zinacheza. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah. Na zaidi ya yote, gaweni. Mwalimu akikuomba kadi yako anakili, mpe, lakini akitaka kuifuta, mkatalie kwa adabu, hata akiwa ni sisi.

Zile sauti nane sasa ziko katika simu za wanafunzi wetu wote, na hatuulizi zimekaa na nini. Mama Hajati tulimpelekea redio ndogo yenye flashi ndani yake. Alisikiliza darsa moja mpaka mwisho, akasema mzee alikuwa na mafua siku ile. Kisha akawaita wajukuu, akaianza upya.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu sheikh wetu, atusamehe tulichokipoteza, na atufanye wenye kufikisha amana kwa wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.