Wazee Waliokuja Kuketi Nasi

Mwezi Machi 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 kwenye soko la dunia, na hapa Kolwezi, Kongo, habari hiyo ilifika mitaani kabla ya habari ya bei ya unga. Kijana aliingia shimoni alfajiri, mchana akawa Musompo kwenye depo za wanunuzi, mawe yake yakapimwa kwa kile kifaa tunachokiita metorex, na jioni akarudi na pikipiki. Katika mtaa wa Kasulo ndiko hali hiyo ilikoonekana zaidi. Tangu mwaka 2014, watu walipogundua madini chini ya mtaa wao, mashimo yalichimbwa uani na hata ndani ya nyumba, yakafunikwa turubai, huku watoto wakilala upande wa pili wa ukuta. Mume wangu alikuwa mchimbaji. Simlaumu hata leo. Tulikuwa na watoto wa kusomesha, na shule haipokei ahadi.

Mwaka huohuo wa 2018, bei ikiwa imeshaanza kuporomoka, udongo ulimwangukia. Wenzake walimfukua kwa mikono wakamtoa akiwa hai, paja limevunjika na nyonga imepasuka. Nawataja vijana wale katika sala zangu kila siku, maana wangeweza kukimbia. Juni 2019, ardhi ilipoporomoka kwenye mgodi wa KOV na kuua makumi ya wachimbaji, nilisikia kilio kikipita nyumba kwa nyumba, nikashika mkono wa mume wangu kitandani na kulia pamoja na wake waliokosa mkono wa kushika.

Hospitalini mguu wake ulivutwa kwa kamba iliyopita juu ya chuma cha kitanda, na mwisho wa kamba ukaning'inizwa mfuko wa mchanga. Mfuko ule niliutazama hadi nikajua kila mshono wake. Muuguzi alipobadilisha shuka uliyumba kidogo, naye mume wangu akauma kanga yangu asipige kelele. Daktari alituambia mfupa utaunga kwa wakati wake, hakuna dawa ya kuuharakisha. Fedha zote tulizokuwa nazo ziliishia pale. Bei ya mawe nayo ilizidi kushuka, na kabla ya mwaka kwisha tangu ajali ilikuwa chini ya dola 30,000, kwa hiyo wale waliokuwa wakitusaidia nao wakabaki mikono mitupu.

Ndugu wa mume wangu, kwa upendo kabisa, walimleta mhubiri. Akaomba kwa nguvu, akatamka kwamba mgonjwa atasimama kabla ya Jumapili kama familia itatoa sadaka ya imani. Ndugu wakachanga. Mimi naamini Mungu huponya, na huponya apendapo, hata kwa dakika moja. Lakini Jumapili ilipopita mume wangu aligeukia ukuta akakataa chakula. Alisema Mungu ameshapita kitanda chake. Yeyote anayempangia Mungu tarehe mbele ya mgonjwa anapaswa kukaa hadi siku ya pili yake aone kinachobaki. Mfupa ulikuwa unapona. Moyo ndio uliokuwa unakufa.

Waliotuokoa ni wazee wawili wa parokia yetu, mume na mke, watu wa Jamaa, kundi la wanandoa Wakatoliki. Hawakuahidi kitu. Walikuja na bukari, ugali wetu, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani iliyofungwa kitambaa, wakaketi, tukala. Kisha baba akamuuliza mume wangu: "Mwanangu, wiki hii umewaza nini?" Mama akaniuliza mimi vilevile. Halafu wakataka kila mmoja wetu amwambie mwenzake, wao wakisikiliza. Mara ya kwanza mume wangu alisema neno moja tu: "Naogopa." Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Mama hakulijibu, aliniangalia tu, nami nikasema kwamba naogopa pia. Wakaaga. Wiki iliyofuata wakarudi, na iliyofuata, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Jamaa ilizaliwa hapahapa kwetu. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilikuwa kimeshamfanya ajulikane, alianza kazi Ruwe, katikati ya familia za wafanyakazi wa migodi. Badala ya kuanza na katekisimu aliwauliza watu wanatamani nini maishani, na kutokana na majibu yao yakapatikana maneno ambayo wazee wetu wanayarudia hadi leo: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakifundishwa na wanandoa waliowatangulia, ambao waliwaita baba na mama. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi tena. Baadaye palikuwa na mvutano mkubwa kati ya wafuasi na maaskofu, na wengine waliumia sana. Ila njia ile haikuwa na mkato. Nafikiri ndiyo sababu wazee wetu hawakuwa na haraka na sisi: wao wenyewe waliiva polepole mikononi mwa wengine.

Nilizoea kudhani uvumilivu ni kukaza meno peke yako. Yakobo katika waraka wake anamtaja mkulima anayengojea mvua, na mkulima ninayemjua mimi hangoji mikono ikiwa kifuani: Novemba nilikwenda kulima mahindi kwenye kipande cha shamba nje ya mji, wazee wakabaki na mume wangu, na Aprili tulivuna. Unga ule ulitulisha wakati hakuna aliyetukopesha. Mume wangu alianza kusimama kwa magongo, akaanguka, akasimama tena. Siku hizi anatembea kwa fimbo, anatengeneza redio na simu barazani, na kipato chake ni kidogo lakini kinakuja kila wiki.

Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka mgao wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Nyumba nyingi za mtaa wetu zimerudi kwenye kungoja, wanaume wamekaa barazani na hasira inawaangukia wake zao. Wazee wetu hawawezi tena kutembea mbali. Kwa hiyo Jumapili baada ya Misa mimi na mume wangu tunakwenda kwa wanandoa vijana wa Musonoi na sahani yetu ya bukari. Bwana yule bado hataki kusema anachowaza. Anasema kinachomhusu ni bei. Mkewe ameshaanza kusema. Jumapili ijayo tutakwenda tena.