Mdakaji Asibebeshwe Lawama Peke Yake

Mtoto anayecheza besiboli akifikisha miaka 13 hivi, mchezo hubadilika, na wazazi wengi hawaambiwi. Katika ligi za watoto za Little League nchini Marekani, mkimbiaji haruhusiwi kuondoka kwenye besi mpaka mpira umfikie mpigaji. Akihamia uwanja wa wakubwa, kizuizi hicho hakipo. Mkimbiaji husogea, huvizia, kisha huchomoka kuelekea besi ya pili. Huko ndiko kuiba besi.

Mama mmoja Mtanzania anayeishi Houston aliyajua hayo kwa machozi ya mwanawe. Kijana ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Timu yake iliibiwa besi kila mechi, na kila mara jukwaani lilitajwa jina lake. Siku moja akasema, “Mama, mkono wangu hauna nguvu. Naacha.”

Mama, aliyekulia kwenye rede na netiboli, alimwendea kocha. Kocha akatoa saa ya kupimia na kumfanyia hesabu ya wachezaji wa kulipwa. Mkimbiaji mwepesi hufika besi ya pili kwa takriban sekunde 3.4. Mrushaji akitumia 1.3 kuufikisha mpira kwa mdakaji, na mdakaji akatumia 2 kuutupa besi ya pili, karibu mita 39, jumla ni 3.3. Mkimbiaji amenaswa. Mrushaji akitumia 1.6, jumla ni 3.6. Besi imeibwa, hata mdakaji awe na mkono wa chuma.

Basi ulinzi huanza kwa mrushaji. Asinyanyue mguu juu sana. Asirushe kwa mwendo uleule kila mara, maana mkimbiaji anamhesabia. Mara mojamoja autupe mpira besi ya kwanza ili mkimbiaji asisogee mbali. Naye mlinzi wa besi ya pili awahi, aushushe mpira chini, pale mguu wa mkimbiaji unapoingia.

Jioni ile mama alimwandikia mwanawe hesabu hiyo kwenye karatasi. Kijana aliisoma mara mbili, kisha akampigia simu mrushaji wao wakafanye mazoezi pamoja.

Bado wanaibiwa besi, ila si kama zamani. Na kijana hajaacha. Mzazi aliye jukwaani, kabla ya kutaja jina la mtoto, na ahesabu kwanza ni mikono mingapi iliyoshika mpira ule.