Kutoka Sanaiya hadi Sealine: Habari ya Propela Inayotetemeka

Mgeni anayefika Doha huoneshwa kwanza Corniche, Souq Waqif na majengo marefu ya West Bay, akapiga picha za kupeleka nyumbani. Ni nadra mtu kumpeleka Sanaiya. Reli ya Metro iliyofunguliwa mwaka 2019 haiingii humo. Hufikwa kwa basi la Karwa, kwa gari la kampuni, au kwa hisani ya rafiki. Eneo hilo liko kusini-magharibi ya jiji, karibu na barabara ya Salwa, ile iendayo hadi mpaka wa Saudia pale Abu Samra. Mitaa yake hutajwa kwa namba, na mtu akikuambia “niko mtaa wa 24” basi amekwisha kukueleza anwani yake yote. Wengi wetu tulilijua jina lake zaidi mwezi wa Machi 2020, mtaa wa 1 hadi wa 32 ulipofungwa kwa sababu ya korona.

Aliyepita Gerezani kule Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, hatajiona mgeni Sanaiya. Ni zile zile sauti za nyundo na mashine za kuchomelea, ni ile ile harufu ya mpira na oili iliyoungua. Tofauti ni joto. Wakati wa kiangazi jua hupita nyuzi 45, na sheria hukataza kazi za nje zisizo na kivuli kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Kwa hiyo gereji nyingi huwa na uhai wao mkubwa baada ya magharibi, chini ya taa nyeupe, na hapo ndipo utakaposikia Kimalayalam, Kiurdu, Kiarabu, Kinepali, na kwa bahati njema Kiswahili cha Mombasa kikitoka uvunguni mwa gari.

Magari yanayotengenezwa humo ni ya kila namna, lakini yako mengi ya aina moja inayoshangaza macho ya mgeni: pikapu zilizoinuliwa. Wenyeji hupenda mchanga. Siku za Ijumaa na Jumamosi, hali ya hewa ikipoa, familia huelekea kusini penye vilima vya mchanga, na gari lililo chini hugusa tumbo na kukwama. Basi huongezewa urefu: springi ndefu zaidi, au vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, na tairi kubwa. Miaka michache baadaye mwenyewe hununua jipya, na lile la zamani huuzwa kwa bei ya kuvutia. Anayelinunua aghalabu ni mtu kama sisi, anayetaka kubebea mizigo na siku ya mapumziko kuwatembeza watoto. Hapo ndipo mtetemo unapoanza kuwa tatizo lake.

Jamaa mmoja wa kwetu alinunua pikapu ya namna hiyo. Mjini ilikwenda vizuri. Ikifika kilomita 80 kwa saa sakafu ilianza kuvuma, na kwenye 90 vioo vya pembeni vikaonyesha picha iliyofifia. Gereji ya kwanza aliyoiendea, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimwambia bila ya kuingia uvunguni kwamba giaboksi imekufa. Bei aliyotajiwa ililingana na mishahara ya miezi kadhaa. Kwa mtu anayepata kiasi kinachokaribiana na kile kima cha chini cha riyali 1,000 kilichowekwa Machi 2021, hiyo ni karo ya watoto ya mwaka. Ndipo akaelekezwa kwa fundi wa Kimombasa ambaye hakutoa spana yoyote saa ya kwanza. Alisema tu: “Twende barabarani.”

Yaliyofuata yafaa yaelezwe kwa kituo, maana mwenye kuyajua haogopeshwi upesi. Mtetemo una asili tatu kubwa: injini, magurudumu na propela, na kila moja una mwendo wake. Fundi alipandisha gari hadi ile kasi ya tatizo, barabara ikiwa tupu na imenyooka, akaweka gia huru na kuliacha gari liserereke. Injini ikashuka hadi mvumo wa kusimama, lakini mtetemo haukuondoka. Injini ikawa imetoka mashakani. Kisha akaipita kasi ile ile kwa gia ya nne na kwa gia ya tano, mtetemo haukubadilika. Kilichotetemeka, basi, kilifuata mwendo wa barabara.

Yakabaki magurudumu na propela. Hesabu yake ni nyepesi. Tairi yenye mzingo wa mita 2.5 ikienda kilomita 90 kwa saa huzunguka mara 10 kwa sekunde. Difu ikiwa na uwiano wa 4 kwa 1, propela huzunguka mara 40 katika sekunde hiyo hiyo. Kwa hiyo tairi mbovu hutikisa kwa mapigo mazito, kama mtu anayegonga mlango kwa haraka, nayo ikiwa ya mbele huhisiwa kwenye usukani. Propela huvuma kama nyuki, na huhisiwa kwenye kiti na sakafu. Ya jamaa yetu ilivuma.

Hata hivyo fundi aliangalia magurudumu kwanza, na hilo ni jambo la Qatar hasa. Gari linalotoka mchangani huja na mchanga mbichi uliogandamana ndani ya rimu, nao ukikauka huwa kama saruji upande mmoja. Mizani midogo ya risasi nayo huanguka mtu apitapo kwenye changarawe. Nusu ya pikapu zinazoletwa kwake kwa malalamiko ya kutetemeka, alituambia, huponywa kwa maji na brashi. Hii haikupona.

Akaingia uvunguni. Gari lilisimama juu ya magurudumu yake kwenye sakafu tambarare, limewekewa vizuizi mbele na nyuma, gia huru. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na hapa palikuwa na sababu nyingine ya kutotumia jeki, kwani ekseli ikining'inia pembe zote za propela hubadilika na vipimo huwa vya uongo. Aliishika propela kwa mikono miwili akaisokota huku na huku, akaisukuma juu na chini. Krosi, yaani kile kiungo chenye umbo la msalaba kila mwisho wa propela, hazikulegea. Hapakuwa na unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, ambao ndio dalili ya krosi iliyokauka grisi. Bomba halikuwa limebonyea, na kile kipande kidogo cha mizani kilichochomelewa kiwandani kilikuwapo. Nyuma ya mbele, uma za propela zilielekeana sawa. Maana propela ikifunguliwa na kurudishwa jino moja nje ya alama yake, hutetemeka hata kama kila kitu ni kipya.

Baada ya hayo akatoa simu yake, akaigeuza kuwa pimamaji, akaanza kupima pembe.

Krosi ni chombo cha kale. Jina la Mtaliano Gerolamo Cardano, msomi wa karne ya 16, limebaki katika istilahi za mafundi wa Ulaya, na Mwingereza Robert Hooke alikishughulikia katika karne ya 17. Mabaharia wetu wanamjua binamu yake: zile pete zinazoishika dira ya nahodha ikabaki sawa ingawa chombo kinayumba. Krosi hupitisha mzunguko penye kona, lakini haiupitishi kwa usawa. Upande mmoja ukizunguka kwa mwendo usiobadilika, wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko, na kadiri kona inavyozidi ndivyo kasoro inavyozidi. Dawa ni krosi ya pili yenye kona iliyo sawa na ya kwanza, inayorudisha kile ilichoharibu mwenziwe. Ili kona hizo ziwe sawa, shafti inayotoka kwenye giaboksi na pua ya difu lazima ziwe sambamba, kama reli mbili zisizo kwenye kimo kimoja.

Simu ilionyesha hivi: shafti ya giaboksi iliteremka nyuma kwa digrii 4, propela kwa digrii 12, na pua ya difu ilikuwa imeinuliwa digrii 10. Krosi ya mbele, basi, ilikuwa na kona ya digrii 8 na ya nyuma 2. Hazikuweza kusawazishana hata kidogo. Kati ya springi na ekseli fundi akaonyesha kabari za chuma: aliyeliinua gari alikuwa ameigeuza pua ya difu iitazame propela. Ushauri huo si uzushi, ila ni wa propela ya aina nyingine, ile yenye krosi mbili zilizounganishwa upande wa giaboksi. Hiyo hujisawazisha yenyewe mbele, na nyuma hutaka mstari ulionyooka. Kwa propela ya krosi moja moja, kabari zile ndizo zilizouleta ugonjwa.

Zikaondolewa, difu ikarudi digrii 4. Kona zikawa 8 kwa 8: sawa, lakini kubwa mno kwa safari ndefu, kwani krosi huchakaa mapema. Fundi akashauri vile vipande vya kuinulia vibadilishwe kwa vifupi. Propela ikashuka hadi digrii 9 na kila kona ikawa 5. Giaboksi haikuguswa. Mwenye gari alikumbushwa pia kwamba kubadili umbo la gari humu nchini kunataka ruhusa ya idara ya trafiki, na kwamba anayenunua lililokwisha kubadilishwa afaa aulize karatasi kabla ya kutoa fedha.

Ijumaa iliyofuata baada ya sala tulikwenda kulijaribu, na hii ni safari ninayowapendekezea wasomaji wote. Mesaieed, uliokuwa ukiitwa Umm Said, uko kilomita 40 hivi kusini ya Doha. Minara ya viwanda vya mafuta ikishabaki nyuma, lami hukoma pale Sealine, na vilima vya mchanga huanza ghafla, vya rangi ya ngano, bahari ikiwa kando yake. Vijana hupunguza upepo wa tairi hapo. Wenye gari la magurudumu manne na mwenzi wa kuwavuta huendelea hadi Khor al Adaid, ambako bahari imeingia jangwani kwa mlango mwembamba ikatanda kama ziwa, na ng'ambo yake ni Saudia. Msiende gari moja, wala msikatize sabkha, ile ardhi ya chumvi inayoonekana ngumu na kumbe chini ni matope.

Njiani kwenye kilomita 90, kisha 100, mama watoto alikuwa ameshika kikombe cha chai mkononi wala haikumwagika. Alitaka kujua ilikuwaje kama wangeendelea na safari hivyo hivyo. Fundi alimjibu kwa upole kwamba krosi ya mbele ikikatika gari likiwa mbioni, ncha ya propela huanguka na kuchoma lami, na gari huweza kuinuka juu yake. Mama akawatazama watoto waliolala kiti cha nyuma, asiongeze neno.

Jioni, kabla ya kurudi kwenye lami, tulijaza upepo, tukazunguka gari kwa dumu la maji na brashi, tukaosha rimu zote nne kwa ndani.